Shilingi ya kondoo: uzi wa wanaokusanya sarafu za fedha za Australia za kabla ya 1966

MtangaPerth (mleta mada)

Wakuu salaam. Wakubwa wangu, shikamooni.

Mada hii nimeiahirisha toka mwaka jana. Kila nikitafuta mtu anayeizungumzia kwa Kiswahili simpati, basi leo nimeamua niianzishe mwenyewe. Mimi ni wa Ngamiani, Tanga, niko Perth mwaka wa tisa sasa. Naendesha foklifti ghalani, zamu ya usiku. Jumamosi asubuhi, badala ya kwenda kulala kama watu wenye akili, huwa napita mitaani ambako wazee hutoa vitu vyao vya zamani wakavipanga mbele ya nyumba wakaviuza. Huko ndiko nilikoambukizwa.

Bibi mmoja alikuwa anahama. Juu ya meza, katikati ya vikombe na vitabu vya mapishi, kulikuwa na kopo la biskuti. Ndani yake sarafu, nyingine nyeusi kama zimetolewa jikoni kwa kuni. Nikashika moja: kondoo dume, pembe zimejikunja, manyoya unayaona mpaka unatamani kuyagusa. Chini yake neno SHILLING. Nikamuuliza bei. Msidhani alikuwa mjinga. Aliingia ndani akatoka na mizani ya jikoni, akamimina zote kwenye bakuli, akapiga hesabu kwenye bahasha. Nililipa bei ya madini kamili, senti haikupungua. Na hapo hapo ndipo penye somo la uzi huu, ila nilikuja kulielewa baada ya miezi: bibi aliniuzia uzito, na ndani ya ule uzito kulikuwa na sarafu za miaka mitatu minne ambazo bei yake haihusiani kabisa na mizani.

Kwa ufupi, ili twende pamoja. Australia ilitumia pauni, shilingi na peni mpaka tarehe 14 Februari 1966. Pauni moja shilingi 20, shilingi moja peni 12, kwa hiyo pauni peni 240. Sarafu zake za fedha ni hizi: peni tatu (ndogo kama kifungo cha shati), peni sita, shilingi, na florini ambayo ni shilingi mbili. Krauni ya shilingi tano ilipigwa miaka miwili tu, 1937 na 1938. Za kwanza kabisa ni za 1910, zina Mfalme Edward VII, naye alikufa Mei mwaka huo huo. Kwa hiyo sura yake iko kwenye fedha za mwaka mmoja tu.

Naendelea chini. Karibuni kwa maswali.

---

KijanaWaKkoo

Uzi bila picha haujakamilika mkuu. Weka huyo kondoo tumuone.

---

Mama Salha

Mimi niko hapa nangoja. Nna kikopo cha bibi huku Mombasa, labda nitakuwa tajiri 😂

---

MtangaPerth

Picha zinagoma kupanda, mtandao wa ghalani ni wa kuunga unga. Nitawaelezea.

Kondoo yule ana jina lake. Anaitwa Hero, merino (kondoo wa sufu) aliyetoka shamba la Uardry kule New South Wales. Aliyemchora kwa ajili ya sarafu ni George Kruger Gray, na kondoo akakaa kwenye shilingi toka 1938 mpaka 1963. Kabla ya hapo, 1910 hadi 1936, shilingi na florini zilikuwa na nembo ya taifa: kangaruu kushoto, emu (ndege mrefu kama mbuni) kulia, ngao katikati. Wenyewe walipewa nembo mpya mwaka 1912 lakini sarafu zikaendelea na ile ya 1908. Peni sita ndiyo kiboko, iling'ang'ania nembo ya zamani mpaka 1963. Nchi nzima imeshabadilisha, kisarafu kimoja hakina habari!

Sasa tarehe za kukariri. Ukikariri hizi mbili umeshamzidi nusu ya wauzaji wa mitaani:

Mpaka 1945 fedha ni asilimia 92.5. Kuanzia 1946 ikashuka mpaka asilimia 50, iliyobaki ni shaba, nikeli na zinki. Peni tatu yenyewe ilibadilika 1947, kwa sababu 1946 haikupigwa. Vita vilikuwa vimepandisha bei ya fedha na serikali ikapunguza. Waingereza walifanya kubwa zaidi: wao walishuka mpaka nusu tangu 1920, na 1947 wakaiondoa fedha kabisa, moja kwa moja kwenye shaba na nikeli.

Uzito: florini gramu 11.31, shilingi 5.65, peni sita 2.83, peni tatu 1.41. Mnaona kila moja ni nusu ya nyingine. Florini ya kabla ya 1946 ina fedha safi gramu 10.46. Wakia moja ya masonara ni gramu 31.1. Kwa hiyo florini tatu za zamani ni wakia moja na chembe. Shilingi sita vilevile. Peni sita kumi na mbili vilevile. Mimi sibebi kikokotoo, hesabu hiyo inanitosha nikiwa nimesimama barazani kwa mtu.

---

Sonara wa Mkunazini

Asalaam aleykum. Nimesoma. Mimi kazi yangu ni fedha na dhahabu, nimerithi kwa baba na baba kwa babu. Nna swali moja tu kwa mleta mada, na usikasirike. Fedha ni fedha. Ya mfalme, ya kondoo, ya bangili iliyokatika, ikiingia kwenye kalibu zote zinakuwa maji mamoja. Wewe unamlipa mtu zaidi ya mizani kwa ajili gani? Namba nne zilizochongwa chini?

---

MtangaPerth

Waaleykum salaam mzee wangu, na sikasiriki. Ndiyo, nalipia namba nne. Nipe nafasi nikueleze kwa mfano mmoja.

Chukua florini ya 1932 na florini ya 1927 ile ya Canberra. Zote gramu 11.31, zote 92.5, kwako wewe ni mapacha. Ya Canberra ilipigwa kukumbuka kufunguliwa kwa jengo la Bunge tarehe 9 Mei 1927, nayo ndiyo sarafu ya kwanza ya ukumbusho ya Australia. Zilipigwa milioni mbili. Ukizunguka siku mbili tatu unaipata. Ya 1932 zilipigwa 188,000 tu, kwa sababu uchumi ulikuwa umeanguka na hakuna aliyehitaji chenji mpya. Halafu zikatumika, zikapita mikononi, zikasuguana mifukoni kwa miaka thelathini na zaidi. Leo mtu anayetaka kukamilisha msururu wake wa florini kila mwaka atakwama hapo. Huyo anayekwama ndiye anayepandisha bei. Mizani haihusiki.

Na shilingi ya 1933 ni hivyo hivyo, 220,000.

Kabla mtu hajauliza: ndiyo, peni ya 1930 ndiyo maarufu kuliko zote, lakini ile ni ya shaba. Haituhusu hapa na wala sina.

---

Sonara wa Mkunazini

Haya. Lakini anayekwama akifa, mwanawe ataniletea mimi.

---

KijanaWaKkoo

😂😂 Mzee hana huruma

---

MtangaPerth

Mzee amesema kweli kuliko anavyojua. Mwaka 1979 kuelekea Januari 1980 bei ya fedha ilipanda kama moshi, ikakaribia dola 50 za Kimarekani kwa wakia. Watu walimwaga makopo yao kwenye tanuri. Ndiyo maana idadi iliyopigwa haikuambii zimebaki ngapi. Ukiona "milioni mbili" ujue ni milioni mbili za kuzaliwa. Waliofariki hakuna aliyewahesabu.

Kuna moja ambayo vifo vyake vinajulikana, florini ya 1934-35. Jimbo la Victoria na jiji la Melbourne walikuwa wanatimiza miaka mia, wakapiga sarafu ya ukumbusho: mwanamume uchi juu ya farasi, ameshika mwenge. Wakapiga 75,000. Halafu wakaiuza kwa shilingi tatu. Sarafu ya shilingi mbili unaiuza shilingi tatu, katikati ya njaa ile! Watu wakawatazama tu. 21,000 zikarudi kuyeyushwa, zikabaki 54,000. Waliokataa kuongeza shilingi moja wajukuu wao leo wanatafuta kwa tochi.

---

Mwalimu Mstaafu

Nimefurahi kuona vijana mnazungumza vitu vya maana. Niongeze kidogo.

Mleta mada anazungumzia sarafu za kabla ya 1966, yaani kabla Australia haijaingia kwenye desimali, hesabu ya kugawa kwa mia. Kwetu jambo hilo lilikwenda njia nyingine na wengi wanalichanganya. Shilingi ya Afrika Mashariki, ile ya simba na milima nyuma yake, ilianza 1921 ikiwa na senti mia tayari. Hatukuwahi kugawa shilingi yetu kwa peni kumi na mbili, ingawa jina la shilingi tulilitoa kwa Waingereza hao hao. Waliokuwa na hesabu ya kuumiza kichwa ni walioshika rupia kabla yake. Rupia ya Wajerumani ilikuwa na pesa 64 mpaka mwaka 1904 walipoigawa upya kwa heller 100. Ndiyo hiyo "hela" unayomdai mwenzio leo.

Na hiyo shilingi ya simba ilikuwa na fedha, lakini robo tu, asilimia 25, mpaka zile za 1946. Zilizofuata, kuanzia 1948, ni shaba na nikeli. Gramu 7.78, kwa hiyo fedha safi haifiki hata gramu mbili. Msije mkavunja makasha ya bibi zenu bure.

Jambo la mwisho. Mleta mada yuko Australia akiokota sarafu za Waingereza, lakini sarafu za kwetu zilishawahi kuokotwa huko. Mwaka 1944 mwanajeshi wa kituo cha rada, kisiwa cha Marchinbar kwenye visiwa vya Wessel, kaskazini kabisa, aliokota sarafu tisa ufukweni. Nne za Waholanzi. Tano za Kilwa. Za masultani wa Kilwa, za shaba, za karne nyingi kabla ya hao Waholanzi. Zilifikaje, wataalamu wanabishana mpaka leo.

---

MtangaPerth

Shikamoo Mwalimu. Hizo tano ziko makumbusho ya Powerhouse, Sydney. Toka Perth kwenda huko ni nauli ya kwenda Tanga nusu ya njia, lakini iko siku.

---

Mama Salha

Mwalimu umeshaniua matumaini 😅 Haya, kikopo nimekimwaga kitandani. Nna za tundu nyingi, zimetungwa kwa uzi kama shanga. Nna thumni mbili za simba. Moja ya zile za tundu imeandikwa EDWARDVS VIII, 1936. Hii si ndiyo ya yule mfalme aliyeacha kiti kwa ajili ya mwanamke?

---

MtangaPerth

Ndiye huyo huyo dada! Alijiuzulu Desemba 1936, hajatimiza mwaka. Australia hawakuwahi kutoa hata sarafu moja yenye jina lake kwa matumizi. Ukitazama fedha zao, 1936 ni baba yake George V, kisha 1938 ni mdogo wake George VI. Katikati ni krauni ya 1937 peke yake. Lakini Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki ilishapiga senti tano na senti kumi za tundu kwa jina lake, na zikatumika sokoni Mwembe Tayari kama kawaida. Sarafu hazikuhitaji kichwa chake, tundu limekaa pale kichwa kingekuwa. Jina tu na pembe za ndovu upande wa pili.

Za shaba, na zipo nyingi, kwa hiyo utajiri bado. Lakini wakusanyaji wa huku wakiiona wanakodoa macho. Usiisafishe.

---

Mama Salha

Ushachelewa. Nimeziosha kwa ndimu na majivu zote kabla sijaandika hapa, zinameta.

---

MtangaPerth

Dada yangu. Kaa chini nikusimulie yangu, tulie pamoja.

Kwenye lile kopo la bibi mwaka wa kwanza, shilingi moja ilikuwa nyeusi kabisa. Mwaka hausomeki. Nikafanya kama mama alivyonifundisha kusugua sufuria: majivu sikuwa nayo, nikachukua dawa ya meno na mswaki wa zamani. Nikaisugua nikiwa natazama mpira. Weusi ukatoka, ikang'aa kama kijiko kipya, nikasoma: 1933. Nikaruka kwenye kochi. Ile 220,000!

Jumatatu nikaipeleka kwa mwenye duka la sarafu mjini. Hakusema kitu. Aliishika kwa ukingo, kidole gumba na cha shahada, akaielekeza kwenye taa akaigeuza polepole. Nikaona nilichokuwa sijakiona nyumbani: juu ya shavu la mfalme kulikuwa na mikwaruzo mamia, myembamba kama nywele, yote inakwenda mviringo, mswaki wangu ulivyokuwa ukizunguka. Akauliza swali moja tu: "Dawa ya meno?" Nilitamani sakafu ipasuke.

Alinipa bei ambayo ni kama robo ya anayolipia isiyoguswa. Sikuiuza. Iko hapa mezani, nikiitazama naona aibu.

Ule weusi si uchafu. Ni fedha yenyewe imekutana na hewa ya miaka, imejivika ngozi. Ukiitoa ngozi, unatoa na sura iliyokuwa chini yake. Ikiwa ina udongo au mafuta, maji vuguvugu na sabuni laini, usisugue, iache ikauke juu ya kitambaa. Basi. Na usiiweke kwenye mifuko ya plastiki ile laini inayonuka kama zulia jipya la gari, baada ya muda inatoa ute wa kijani unaokula sarafu. Mimi natumia kadi zenye kidirisha, na vile vipakiti vya chembechembe vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu nimeviweka kwenye kasha. Kwa mtu wa Tanga au Mombasa, na unyevu ule wa bahari, vipakiti hivyo ni lazima.

---

Sonara wa Mkunazini

Hapa nakubaliana naye. Hata mimi mteja akiniletea riale ya Maria Theresa siing'arishi mpaka aniambie anataka nini. Waomani hawaitaki inayong'aa, wanasema hiyo ya juzi.

---

Njoroge wa Roysambu

Niaje watu wangu. Nimeona moja mtandaoni, florini ya 1932, bei ni kama ya bure. Muuzaji anasema alirithi kwa babu yake. Ninunue?

---

MtangaPerth

Ndugu, babu za mtandaoni wamekufa wengi mno. Mimi niliinunua hiyo hiyo ya 1932 kwa "mrithi" mmoja. Ilipofika nikaipima: gramu 9.6. Florini hata iliyochakaa mpaka mfalme amebaki kivuli haipungui hivyo. Sumaku haikuishika, kwa hiyo usiamini sumaku peke yake, inakukamatia chuma tu.

Kipimo changu ni cha kikombe. Weka kikombe cha maji kwenye mizani ndogo ya gramu yenye desimali mbili, bonyeza isome sifuri. Funga sarafu kwa uzi mwembamba, izamishe ining'inie, isiguse chini wala pembeni. Mizani itasoma namba. Gawa uzito wa sarafu kavu kwa namba hiyo. Florini nzuri ya 92.5 inasoma kama 1.09 majini, na 11.31 ukigawa kwa 1.09 unapata 10.4 hivi. Hapo umefika kwenye fedha. Ile ya babu wa mtandaoni ilinipa nane na kitu. Shaba iliyopakwa.

Halafu tazama ukingo. Meno ya florini yamekatwa sawasawa toka mwanzo mpaka mwisho. Ya bandia mara nyingi kuna mahali meno yanalala, kama gurudumu lililochoka. Na mwaka wenyewe, utazame kwa lenzi. Kuna watu wanachonga namba ya mwisho.

---

Njoroge wa Roysambu

Aisee. Na hii kitu inalipa kweli ama ni mapenzi tu?

---

MtangaPerth

Kama unataka ya kulipa nunua kiwanja. Mwenye duka anakuuzia kwa bei moja na kununua kwako kwa nyingine, na katikati hapo ndipo mtaji wako unapolala. Za kawaida, zile za 1946 mpaka 1963 zilizochakaa, hazina bei zaidi ya fedha iliyomo, na fedha ni nusu. Mimi nazinunua kwa mizani tu, kwa kopo. Za zamani nazinunua kwa macho.

Na macho yanafundishika. Sarafu za George V, zile za mfalme mwenye taji, tazama ukanda wa taji. Katikati kuna almasi, na kuna lulu nane zimepangwa. Sehemu hiyo ndiyo inayoinuka, kwa hiyo ndiyo inayosagika kwanza. Ukiona almasi kamili na lulu zote nane unaweza kuzihesabu kwa ncha ya sindano, umeshika sarafu iliyotumika kidogo. Ukiona ukanda umekuwa njia nyeupe tu, imefanya kazi miaka mingi. Nilikaa wiki nzima na lenzi nikihesabu lulu. Mke wangu akasema bora ningetafuta lulu za kweli.

Mahali ilipopigwa nako kuna habari. Mwanzoni zilipigwa London. 1914 na 1915 baadhi zilipigwa Birmingham kwenye kiwanda cha Heaton, zina herufi H. Florini za H ni 500,000 tu za 1914 na 750,000 za 1915. 1916 Melbourne wakaanza wenyewe, herufi M chini ya mwaka. Wakati wa vita vya pili, kazi ikawazidi, wakaagiza Marekani: S ni San Francisco, D ni Denver. Na hapo kuna kichekesho. Peni tatu ya 1942 ya Denver ni milioni 16. Ya Melbourne, isiyo na herufi yoyote, ni 528,000. Kwa hiyo unatafuta sarafu ambayo alama yake ni kukosa alama. Wauzaji wengi wanaichanganya na nyingine. Nimeshaipata moja kwa njia hiyo, sisemi wapi.

---

KijanaWaKkoo

Mkuu na baada ya 1966 fedha iliisha?

---

MtangaPerth

Haikuisha siku hiyo. Walipoanza dola na senti walipiga senti 50 ya duara yenye fedha asilimia 80, gramu 13.28, zaidi ya milioni 36. Fedha iliyokuwa ndani ikawa na thamani kuliko senti 50 yenyewe, watu wakazificha. 1969 wakaleta ya pembe kumi na mbili isiyo na fedha. Za duara bado zimejaa makabatini kwa wazee, ndizo nyepesi kuzipata.

Shilingi ya kondoo yenyewe iliendelea kutumika kama senti 10, peni sita kama senti 5, ukubwa ni ule ule. Ya peni tatu haikuwa na mwenzake. Ila kuna mahali iliponusurika: wazungu wa huku Krismasi wanapika keki nzito ya matunda, ndani wanatia peni tatu na peni sita, anayeipata kwenye kipande chake ana bahati. Sarafu mpya za nikeli wakaona zinaigeuza keki kuwa kijani. Wakazirudia za fedha, na familia nyingi zilizichambua zikaziweka kwa ajili hiyo tu. Nimenunua peni tatu ya 1910 bado ina harufu ya mdalasini. Labda najidanganya.

---

Mwalimu Mstaafu

Hujidanganyi. Fedha hainukii, lakini makasha hunukia.

---

Sonara wa Mkunazini

Mleta mada, upo? Leo kimenifikia kitu chako. Mama mmoja kaleta kidani cha marehemu mama yake, kikuku chake, kile kijipete cha kuning'inizia, kimekatika. Katikati ya kidani kuna sarafu kubwa, si riale. Ina kangaruu na ndege mrefu. Nimekumbuka uzi wako. Nimeipima pamoja na mabaki ya kikuku, gramu 11.8. Jiwe na tindikali vinasema ni fedha nzuri, tisini na kitu.

---

MtangaPerth

Mzee! Hiyo ni florini. Nisomee mwaka, na chini ya mwaka kuna herufi?

---

Sonara wa Mkunazini

Ngoja nichukue lenzi... 1916. Herufi M, imefifia. Upande wa mfalme ukanda wa taji umelala wote. Lulu nimehesabu moja, labda na nusu. Juu ya kichwa chake wameunga kikuku kwa risasi, kazi mbaya sana, aliyefanya angepaswa kufungwa.

---

MtangaPerth

1916 ya Melbourne, mwaka wao wa kwanza kupiga sarafu za fedha. Si adimu. Na ikishaungwa kikuku, kwa mkusanyaji imeshakufa, hata ungekitoa kovu linabaki. Nasema haya kwa uchungu, mzee, lakini hiyo ni ya kalibu yako. Umeshinda.

---

Sonara wa Mkunazini

Nilimwambia hivyo hivyo. Nikampa bei ya uzito, na ya haki. Akanitazama kama nimemwambia nimyeyushe mama yake. Amesema nimtie kikuku kipya, cha fedha, na nisiguse weusi wake.

Elfu kumi na tano. Anakuja kuchukua baada ya Ijumaa, nimeshaanza kuikwangua ile risasi.